Hofu ya Daktari wa Meno Tunaifunza Wenyewe

 

Leo nina jambo la kukiri mbele ya wasomaji wa safu hii, na hasa mbele ya kina mama, kwa kuwa wao ndio waliobeba mzigo wa kosa langu.

Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alinijia madrasani mama mmoja amemshika mkono mwanawe wa miaka saba. Shavu la kushoto la mtoto lilikuwa limevimba, macho yamemwiva kwa kilio, na kiganja amekibana kinywani. Baada ya kuamkiana, yule mama akaniambia, "Maalim, nimekuja kushtaki, na ninayemshtaki ni wewe." Nikadhani anafanya mzaha. Haukuwa mzaha. Mtoto alikuwa amekesha siku tatu kwa maumivu ya jino. Siku ya nne wakampeleka kwa daktari, na kule akakataa katakata kufungua kinywa. Baba akamshika miguu, mama akamshika kichwa, na daktari alipojaribu kumtazama akang'atwa kidole. Wakarudi nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu tu. Usiku ule mama alipomuuliza kwa upole ni kitu gani kilichomtisha, mtoto akamjibu, "Maalim alisema daktari humng'oa meno yote mtoto asiyehifadhi sura yake."

Nilikumbuka. Neno hilo nililisema mimi, mwezi mmoja kabla, darasa zima likaangua kicheko nami nikacheka pamoja nao. Mtoto huyu hakucheka. Yeye alikuwa hajahifadhi.

Katika Sunan ya Abu Daud imepokewa kwamba masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.). Mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba aliyokuwa nayo, akaichukua, yule aliyelala akashtuka. Hapo Mtume (S.A.W.) akawabainishia kuwa si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Hadithi hii nimeisomesha miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo nilidhani inawahusu watu wazima.

Wala siko peke yangu katika kosa hili, ingawa hilo halinipunguzii lawama. Majumbani mwetu mtoto akikataa uji huambiwa, "Ngoja nimwite daktari akudunge sindano." Akilia usiku, daktari. Akipanda dirishani, daktari. Tumemweka tabibu katika safu moja na zimwi na askari, kisha siku mtoto anapougua tunamchukua mpaka kwa yule yule tuliyemtishia naye, tukastaajabu mbona anatetemeka. Tena kuna mazungumzo yetu wenyewe. Kina mama wamekaa barazani au jikoni kwenye shughuli ya harusi, mmoja anasimulia alivyong'olewa gego, damu ilivyotoka, koleo lilivyoteleza, na kila anaposimulia damu huongezeka. Watoto wako pale pale wanachambua mchele na kusikiliza. Hakuna aliyekusudia kuwafunza kitu, na wamekwisha kufunzwa.

Hofu yenyewe si ya kuzuliwa. Ina asili yake, na asili hiyo ni ya kweli. Babu zetu walipong'olewa jino hawakuwa na ganzi. Mtu alikalishwa chini, akashikwa na wanaume wawili, jino likavutwa huku akili zake timamu. Aliyepitia hayo alikuwa na haki ya kuogopa na haki ya kusimulia. Hata Abul-Qasim al-Zahrawi, yule tabibu mkubwa wa Kiislamu wa Andalusi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, ambaye katika kitabu chake cha At-Tasrif ameeleza na kuchora vyombo vya upasuaji na vya meno, alihimiza pasiwe na haraka ya kung'oa jino, bali kwanza litibiwe kwa kila njia. Akaonya pia kwamba maumivu humdanganya mwenye kuumwa, akadhani ni jino hili kumbe ni jirani yake, na vinyozi wajinga wakang'oa jino zima wakaliacha bovu. Maneno ya miaka elfu moja, na ukiyasoma utadhani ameandika juu ya watu wa mtaani kwetu.

Ila mambo yamebadilika. Mwaka 1846 mjini Boston, tabibu wa meno aitwaye William Morton alionyesha hadharani matumizi ya etha kumlaza mgonjwa asihisi kisu. Mwaka 1943 mkemia wa Sweden, Nils Löfgren, alitengeneza dawa ya ganzi iitwayo lidokeni, nayo mpaka leo ni miongoni mwa dawa ambazo daktari wa meno humdunga mgonjwa karibu na jino. Dawa hiyo huzuia neva ya mahali pale isipeleke habari ya maumivu kwenye ubongo. Mgonjwa yu macho, anasikia sauti, anahisi kusukumwa na kubanwa, lakini makali ya maumivu hayamfikii. Kwa hiyo sisi twaogopa kwa hofu ya babu zetu, katika zama ambazo si zao.

Nirudi kwa mtoto wangu. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake, nikamwambia kwamba nilisema uongo, kwamba daktari hang'oi meno ya mtu kwa sababu ya sura. Nikamwahidi kwamba nitafuatana naye. Akanitazama kwa muda, kisha, bila kuondoa kiganja kinywani, akaniuliza: "Nawe Maalim, umewahi kukaa kiti kile?"

Hapa ndipo penye kukiri kwangu kwa pili. Nilikuwa na gego la chini, upande wa kulia, lililotoboka miaka sita iliyopita. Miaka sita nimetafuna kwa upande wa kushoto. Mfukoni mwa kanzu yangu hapakosekani karafuu, na likinishika usiku huikandamiza moja juu ya tundu nikasubiri. Karafuu si upuuzi: ina mafuta yenye dawa iitwayo eujeno, ambayo hutia ganzi kidogo, na matabibu wa meno wenyewe huitumia katika baadhi ya dawa zao za kuzibia. Lakini hupunguza maumivu tu, haizibi tundu. Ahli yangu alinisihi mara nyingi niende. Nilikuwa na majibu: nina darasa, nina nikahi ya kufungisha, Ramadhani iko karibu, Ramadhani ndiyo hii, Ramadhani imekwisha nina sita za Shawwali. Mtoto wa miaka saba akanivua udhuru wote kwa swali moja.

Nieleze kidogo jino lilivyo, maana mtu akijua kinachotendeka hujua pia kwa nini kungoja ndiko kunakotuumiza. Nje ya jino pana ganda gumu kuliko mfupa, na ganda hilo halina neva. Ndani yake pana tabaka laini zaidi, na katikati pana kiini chenye neva na mishipa ya damu. Vijidudu vya kinywani hula sukari tuliyoila sisi, vikatoa asidi, na asidi ikalila ganda polepole. Kuoza kunapokuwa kwenye ganda peke yake, mtu hahisi chochote. Ndiyo maana tundu dogo, ambalo lingezibwa kwa muda mfupi na pengine bila hata sindano, hatulijui isipokuwa tukaguliwe. Kukifika tabaka la pili, baridi na utamu huanza kuchoma. Kukifika kiini, hapo ndipo watu hulia usiku. Baadaye kiini hufa, maumivu yakatulia ghafla, na mtu akasema alhamdulillah limepona. Halijapona. Usaha unajikusanya chini ya mzizi.

Anayeogopa hungoja mpaka hatua hii ya mwisho, ambayo ndiyo ngumu kuitibu na hata ganzi hushika kwa taabu penye usaha mwingi. Kisha akitoka pale anasimulia, "Niliyaona makubwa," na wanaomsikiliza wakazidi kungoja. Hivyo ndivyo hofu inavyojithibitisha yenyewe.

Na hapa niseme neno la kutisha, kwa kuwa ni la kweli. Usaha wa jino la chini unaweza kuteremka chini ya ulimi na shingoni, ukavimbisha sakafu ya kinywa mpaka njia ya pumzi ikabanwa. Watu hufa kwa jino. Mtu mzima au mtoto aliyevimba chini ya taya au shingoni, mwenye homa, anayeshindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, asingojeshwe mpaka asubuhi wala asipakwe kitu. Apelekwe hospitali saa ile ile. Pia tuache desturi ya kununua vidonge vya kuua vijidudu dukani bila ya kuandikiwa, tukaona uvimbe umeshuka tukasahau. Uvimbe hushuka, chanzo kimebaki. Na aspirini isiwekwe juu ya ufizi hata kidogo, kwani huunguza nyama. Nimeona midomo iliyobabuka kwa tiba hiyo.

Basi tulikwenda watatu: mama, mtoto na mimi. Tabibu alikuwa binti wa makamo ya wanangu, amevaa hijabu na koti jeupe. Nilimweleza ukweli mlangoni, kwamba mimi ndiye niliyemtia hofu mgonjwa wake na kwamba nami nina hofu yangu. Hakucheka wala hakunihubiria. Akasema, "Sheikh, tutaanza na wewe, na leo tutatazama tu. Ukitaka nisite, inua mkono wa kushoto, nami nitasita hapo hapo." Neno lile peke yake lilinipunguzia nusu ya hofu. Sehemu kubwa ya tunachokiogopa ni kule kulala chali, kinywa wazi, hatuwezi kusema, na mambo yote yako mikononi mwa mtu mwingine. Mkono ule wa kushoto ulinirudishia amri yangu.

Kila chombo alinionyesha kabla ya kukitia kinywani: kioo kidogo, kisha kijiti chenye ncha cha kupapasia, kisha mrija wa kunyonya mate. Aliieleza, akaionyesha, ndipo akaitenda. Mtoto alisimama pembeni anatazama kama karani wa mahakama. Siku ile nilipigwa picha ya eksirei nikaambiwa jino langu laweza kuokolewa kwa kutibiwa mzizi, kwa safari zaidi ya moja. Zamu ya mtoto ilipofika alipandishwa kiti kikateremshwa na kupandishwa tena mara tatu, akapulizwa upepo wa mashine kiganjani, akahesabiwa meno kwa sauti. Akafungua kinywa. Mama yake alitoka nje akafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Sikusema kwamba yaliyofuata hayakuuma. Jino la mtoto, gego la utotoni, lilikuwa limekwisha kabisa, na baada ya siku mbili za dawa ilibidi ling'olewe. Kabla ya sindano binti yule alimpaka dawa ya kutia ganzi juu ya ufizi, akangoja, kisha akamwambia, "Utahisi kitu kama kubinywa, tuhesabu pamoja mpaka kumi." Alihesabu mpaka sita akapiga kelele kidogo, akaendelea na saba. Sikumsikia hata mara moja akimwambia "haitauma."

Katika hilo tuna hadithi nyingine ya Abu Daud. Abdullah bin Amir (R.A.) alisimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita akimwahidi kumpa kitu, na Mtume (S.A.W.) alikuwa ameketi nyumbani mwao. Akamuuliza yule mama alikusudia kumpa nini, akajibu, tende. Mtume (S.A.W.) akamweleza kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Tende moja! Nasi humwambia mtoto kwamba tunakwenda kwa nyanya yake, akajikuta mlangoni mwa daktari. Humwambia hakuna sindano, ikatoka sindano. Siku ya pili hatatuamini hata kwa la kweli, na ni haki yake. Mwambie unakokwenda naye, kwa maneno machache, siku ile ile au jana yake, bila ya kurefusha. Mwambie daktari atatazama meno na kuyahesabu, na kama kuna kitu cha kutibu, daktari mwenyewe atamweleza. Usimpakie habari za sindano kabla hajauliza, akiuliza, usimkanushie. Wala usimhonge peremende, maana kumlipa mtoto sukari kwa kutibiwa jino lililolika kwa sukari ni jambo ambalo hata yeye akikua atalicheka.

Na mzazi mwenye hofu amwache anayeweza kutulia amchukue mtoto. Mtoto husoma mkono uliomshika kabla ya kusikiliza maneno. Shangazi, mjomba au dada mkubwa asiye na hofu anafaa zaidi kuliko mama anayetetemeka. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kabla hajachoka. Bora zaidi ni kumpeleka siku ambayo haumwi kitu. Matabibu wanashauri mtoto aonwe mara ya kwanza karibu na kutimiza mwaka mmoja, jambo ambalo kwetu litaonekana kama mzaha, lakini mtoto aliyezoea kiti kile akiwa hana maumivu hatakihofia akiwa nayo.

Wapo watakaosema meno ya utotoni yana haja gani ya kutibiwa ilhali yatang'oka. Meno hayo 20 ndiyo yanayoshika nafasi za yale yatakayokuja, na usaha wake unaweza kuliharibu jino changa lililo chini. Isitoshe, karibu na umri wa miaka sita huota nyuma yao gego la kwanza la ukubwani, bila ya kuanguka jino lolote, na wazazi wengi hulidhania ni la utotoni. Hilo halina badala yake. Mtazameni wanenu leo usiku kwa tochi ya simu.

Sasa kina mama wenyewe. Katika miaka ya kuulizwa maswali baada ya darsa, nimegundua kuwa wengi wenu hamuogopi sindano. Mnaogopa mengine ambayo hamuyasemi.

La kwanza ni haya ya kuonyesha meno mabovu. Mwanamke anaona atakaripiwa: mbona umeyaacha hivi? Dada yangu, tabibu ameona mabaya zaidi ya yako asubuhi ile ile. Na ukikutana na mwenye kukaripia, yako halali kwenda kwa mwingine.

La pili ni kutibiwa na mwanamume. Tafuta tabibu wa kike kwanza. Siku hizi wapo, nao si haba. Asipopatikana, sharia imeruhusu tiba kwa kadiri ya haja. Lililokatazwa ni faragha ya wawili, na hilo huondoka kwa kuwepo mumeo, nduguyo, mwanao mkubwa au mwanamke mwenzako, na aghalabu mwuguzi huwa mle mle chumbani. Omba mlango usifungwe. Mwenye niqabu ataiinua anapotibiwa na kuiteremsha akimaliza. Mambo haya yaseme mapema unapochukua miadi, usiyangoje mpaka umekwisha kulala kitini.

La tatu ni mimba. Nimewasikia bibi zetu wakisema kila mtoto huondoka na jino la mama yake. Mtoto hanyonyi chokaa ya jino la mama. Kinachotokea ni kwamba mabadiliko ya mwili wakati wa mimba hufanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi, na kutapika huleta asidi kinywani, na mama akiona damu huacha kupiga mswaki, uozo ukapata nafasi. Mjamzito anaweza kutibiwa meno. Mwambie tabibu una mimba ya miezi mingapi. Miezi ya kati, wa nne mpaka wa sita, ndiyo yenye raha zaidi kulala kitini, lakini jino lenye usaha halingojewi mpaka ujifungue.

La nne ni Ramadhani, na hili huulizwa kila mwaka. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kuwa kutoboa na kuziba jino, kuling'oa, kusafisha meno na kupiga mswaki havifunguzi saumu maadamu mtu hamezi kinachofika kooni. Anayeona ataelemewa aende usiku, au afungue ikiwa ni mgonjwa alipe baadaye. Kufanya saumu kuwa kisingizio, kama nilivyokuwa nikifanya mimi, si uchamungu. Na udhu pia nitajie: aliyeng'olewa jino huambiwa asisukutue kwa muda wa saa 24 ili damu iliyoganda isitoke. Katika madhehebu yetu ya Shafii kusukutua ni sunna katika udhu na katika josho, basi aiache sunna hiyo siku ile, na damu ya jino haitengui udhu. Jino lililozibwa nalo halizuii kukoga janaba.

Ya tano ni pesa, nayo sitaipita kwa kuwa ni ya kweli. Wapo wanaosema wanaogopa kumbe hawana. Ninachoweza kusema ni kwamba kuziba tundu dogo ni rahisi kuliko kutibu mzizi, na hospitali za kaunti zina vitengo vya meno ambavyo gharama zake ni nafuu kuliko za kliniki binafsi. Kiasi ambacho nyumba nyingi hutumia katika halua na soda za sikukuu moja kingefika mbali. Samahani kwa hilo. Mimi pia napenda halua.

Kuhusu hofu yenyewe, asiambiwe mtu kwamba imani yake ni pungufu. Nabii Musa (A.S.) fimbo ilipogeuka nyoka aligeuka akakimbia, na Mola wake akamtuliza. Mwenye hofu kubwa aende kwa hatua: siku ya kwanza afike akae chumba cha kungojea, aongee na tabibu, arudi. Siku ya pili akaguliwe tu. Ale chakula kabla, asiende na njaa akazimia. Amtaje mapema tabibu kwamba anaogopa, maana tabibu asiyejua hawezi kukuchukulia polepole. Avute pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi, na moyoni awe na dhikri yake. Mimi nilikuwa na Ya Latif. Na ambaye hayo yote hayamfai, ziko dawa za kumtuliza na hata za kumlaza katika hospitali kubwa. Si aibu kuziomba.

Ya kinga mnayajua, nitayapita haraka. Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa lau si kuwatia umati wake mashakani angewaamrisha mswaki katika kila sala, na katika saa zake za mwisho aliutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdulrahman bin Abi Bakr, Bi Aisha (R.A.) akafahamu, akautafuna kuulainisha, akampa. Kijiti cha mswaki ni kizuri, na dawa ya meno yenye floraidi ni nzuri pia, usiku kabla ya kulala zaidi ya wakati mwingine: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kiasi cha mbaazi kwa wa miaka mitatu mpaka sita. Na mtoto asilazwe na chupa ya maziwa ya sukari kinywani.

Siku niliyotibiwa mzizi nilipigwa ganzi, nikasikia mlio wa mashine, nikainua mkono wa kushoto mara mbili. Ya kwanza nilihisi kweli; daktari akaongeza ganzi. Ya pili sikuhisi kitu, nilitaka tu kujua kama atasita. Alisita. Mdomo ulibaki mzito kwa saa kadhaa, nikawaonya watoto wa madrasa wasinichekeshe nisije nikajing'ata, na hapo ndipo walipocheka zaidi.

Yule kijana amehifadhi sura yake. Pengo lake analionyesha kila mtu. Safari yangu ya mwisho ni Alhamisi ijayo, in shaa Allah, na ameomba ruhusa kwa mama yake anisindikize, kwa kuwa, asema, anataka kuona safari hii Maalim atainua mkono mara ngapi.